Mji Mchanga na Mpaka wa 1863: Urithi wa Usanifu Majengo wa Dar es Salaam Ukitazamwa kutoka Kisarawe na Kibaha

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili historia na urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam kwa kuutazama mji huo kutoka nyuma yake, yaani kutoka katika wilaya za Kisarawe na Kibaha. Wilaya hizi mbili zimo katika mkoa unaoitwa Pwani, ingawa leo hakuna hata moja kati yake yenye ufuko wa bahari. Kazi nyingi zilizoandikwa kuhusu mji huu huanzia bandarini, hupita katika majengo ya Kijerumani yaliyo kandokando ya maji, kisha huingia Kariakoo na kuishia hapo. Toleo maalumu la jarida la Tanzania Notes and Records lililohaririwa na J. E. G. Sutton mwaka 1970 lilijaribu kuutaja mji pamoja na eneo linaouzunguka, na kitabu kilichohaririwa na James Brennan, Andrew Burton na Yusuf Lawi mwaka 2007 kiliongeza mengi kuhusu maisha ya wakazi wake. Hata hivyo, linapokuja suala la majengo yapi yahesabiwe kuwa urithi, macho ya watafiti na ya serikali hurudi palepale bandarini.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba uchanga wa Dar es Salaam, ambao ni ukweli wa kihistoria, umegeuzwa na sheria kuwa kasoro ya majengo yake. Kasoro hiyo inaonekana kwa kiasi fulani katikati ya jiji, ambako angalau kuna watu wanaoipigia kelele. Inaonekana zaidi Kisarawe na Kibaha, ambako majengo na miundombinu iliyoufanya mji uwe mji haimo katika orodha inayojulikana kwa wengi, na ambako ujenzi mpya unakwenda kwa kasi. Neno malikale linatumika hapa kwa maana iliyotumika katika Sera ya Malikale ya mwaka 2008, yaani urithi wa kiutamaduni wenye thamani ya kihistoria, wala si magofu pekee.

2.0 Umri wa mji na mpaka wa mwaka 1863

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuishughulikia bandari iliyo karibu na kijiji cha Mzizima mnamo mwaka 1862, na ujenzi wenyewe ukashika kasi katikati ya muongo huo, hasa miaka ya 1865 na 1866. Jengo linalojulikana leo kama Boma la Kale lilijengwa kati ya mwaka 1866 na 1867 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuwa na shauku na mji huo. Kwa muda wa miaka 17 hivi ulibaki kama kazi iliyoachwa njiani, hadi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoweka kituo chake hapo mwaka 1887. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo.

Tarehe hizi zina uzito wa kisheria ambao mara nyingi hausemwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ndiyo msingi wa hifadhi ya malikale Tanzania Bara, inatoa ulinzi wa moja kwa moja kwa majengo na miundo iliyojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo ulikuwa takribani miaka 100 kabla ya sheria yenyewe kutungwa. Msomaji akiuweka mpaka huo karibu na historia ya Majid ataona jambo la ajabu kidogo: Dar es Salaam nzima, kuanzia nyumba ya kwanza ya Sultani, imeangukia upande usiolindwa, na imeangukia huko kwa tofauti ya miaka michache tu. Ingekuwa Majid amefanya haraka, au waandishi wa sheria wamechelewa miaka minne au mitano, mjadala wote huu ungekuwa mwingine.

Magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo, na msikiti na makaburi ya Kunduchi yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri vya China, yamo ndani ya mpaka huo bila shaka yoyote. Ndani ya mpaka huo yamo pia maeneo ya kiakiolojia ya bara la pwani. Utafiti wa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha kwamba jamii za wakulima na wafua chuma ziliishi katika ukanda huu, pamoja na eneo la bonde la Mpiji, katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kwa hiyo sheria inautambua ufinyanzi wa karne nyingi zilizopita uliofukiwa ardhini, inayatambua magofu ya miji iliyokufa, lakini inaupita mji ulio hai. Ardhi ya Kibaha na Kisarawe ina umri wa kutosha. Kilichojengwa juu yake ndicho kisichokuwa nao.

Kuna kifungu kimoja cha sheria hiyo kinachostahili kutajwa kwa sababu kinaonyesha namna watunzi wake walivyofikiri. Mlango wa mbao au fremu yake, ukiwa umechongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, ni kitu kinacholindwa. Nyumba uliomo mlango huo, kama ilijengwa mwaka 1870 au 1910, hailindwi mpaka itangazwe rasmi. Mlango unaweza kuwa na haki ambayo ukuta wake hauna. Inawezekana nia ilikuwa njema, kwa kuwa milango ilikuwa ikiondolewa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa nje, lakini matokeo yake ni kwamba urithi wa majengo ulitazamwa kama mkusanyiko wa vitu vinavyobebeka.

3.0 Kisarawe na mji uliotegemea vilima

Simulizi za Wazaramo na Washomvi zinaeleza uhusiano wa pwani na bara kwa namna inayopingana na ramani za kikoloni. Kwa mujibu wa simulizi hizo, Washomvi wa Mzizima na vijiji jirani walivamiwa na Wakamba, nao wakaomba msaada kwa Pazi Kilama, kiongozi wa Wazaramo aliyekuwa bara. Baada ya ushindi, watu wa pwani waliendelea kumpa Pazi ada, na jina lake likawa cheo cha viongozi waliofuata. Simulizi za namna hii hazitoi tarehe, na mtafiti hana budi kuzichukulia kwa tahadhari. Lakini zina jambo moja lililo wazi: katika kumbukumbu ya wenyeji, ufuko ulikuwa na mwenye dai juu yake, na mwenye dai hilo aliishi vilimani. Majid alipofika hakukuta ardhi tupu, na usalama wa mji wake ulitegemea maelewano na viongozi wa Kizaramo waliozishika njia za kuelekea bara.

Vilima vya Pugu na Kisarawe ndivyo vya kwanza kukutana navyo mtu anayetoka bandarini kuelekea magharibi. Barabara iliyoanzishwa mwaka 1877 kwa fedha za William Mackinnon, iliyokusudiwa kufika Ziwa Nyasa, ilipita upande huo kabla ya mradi wenyewe kuachwa. Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia waliweka kituo chao cha kwanza Pugu, si bandarini. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, kituo hicho kilishambuliwa na kuharibiwa. Baadhi ya wamisionari waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Ni baada ya hapo ndipo kazi yao ilipohamia mjini, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897, likasimama mbele ya bandari. Kanisa hilo huelezwa kama alama ya mji wa Kijerumani. Likisomwa kutoka Pugu, ni jengo la watu walioshindwa kukaa kilimani.

Walutheri wa misheni ya Berlin walifuata njia iliyo kinyume. Walianzia Dar es Salaam mwaka 1887, kisha katika miaka ya 1890 wakapanda kwenda Kisarawe na Maneromango, na vituo hivyo vikadumu. Umuhimu wa vituo hivi kwa historia ya usanifu hautokani na ukubwa wa majengo yake. Unatokana na kuwa sehemu ambako mafundi wa Kizaramo walikutana kwa muda mrefu na ujenzi wa matofali, fremu za madirisha za seremala na paa la bati, nje ya usimamizi wa kanuni za ujenzi za mjini. Mjini, kanuni za mwaka 1891 ziligawa maeneo kufuatana na aina ya nyumba, na kwa hakika kufuatana na rangi ya mwenye nyumba. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo kwa kanda zao tatu. Huko Maneromango mgawanyo kama huo haukuwa na maana.

Hapa inafaa kusema kwa kirefu zaidi kuhusu nyumba ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo urithi wa usanifu ulioenea kuliko wote na unaotajwa kidogo kuliko wote. Ni nyumba ya mstatili yenye baraza mbele, ukumbi mwembamba unaopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na vyumba vinavyotazamana pande mbili za ukumbi huo, kwa kawaida vitatu kila upande. Nyuma kuna uani wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Kuta zake za awali zilikuwa za fito zilizofungwa kwa kamba na kukandikwa udongo. Paa lake lilikuwa la makuti, kisha la madebe yaliyokunjuliwa, kisha la bati. Umbo hili lilikuwapo katika vijiji vya Uzaramo na lilikuwapo Kariakoo na Ilala, na haliwezi kuelezwa kama la mji pekee au la shamba pekee. Utafiti wa J. A. K. Leslie wa miaka ya 1950 ulithibitisha kwamba Wazaramo walikuwa kundi kubwa kuliko yote katika Dar es Salaam ya Waafrika. Waliojenga mji huo, waliopangisha vyumba vyake na waliokuwa wakienda na kurudi mashambani Kisarawe walikuwa kwa sehemu kubwa watu walewale.

Mpango wa nyumba hiyo unabeba mambo mengi kwa pamoja. Chumba kimoja kinaweza kupangishwa bila kuvuruga vingine. Baraza ni mahali pa mazungumzo ya jioni, na pia ni duka dogo inapobidi. Uani ni wa wanawake kwa kiasi kikubwa, na ndiko shughuli za mwali zilikofanyika, zikiambatana na mwana hiti, kinyago kidogo cha mbao ambacho wachongaji wa Kizaramo wanajulikana nacho katika makumbusho mbalimbali duniani. Kinyago hicho kimehifadhiwa Ulaya ndani ya kabati la kioo. Nyumba ambamo kilitumika haijahesabiwa popote. Ugumu wenyewe unaeleweka: nyumba ya fito na udongo haikukusudiwa kudumu miaka 100, bali kukarabatiwa kila baada ya misimu michache, na sheria inayopima thamani kwa umri wa kuta haiwezi kuona umri wa mpango. Ramani ya nyumba inaweza kuwa ya kale ndani ya jengo la mwaka jana. Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo tatizo gumu kuliko yote katika mada hii, na halitatuliwi kwa kubadilisha tarehe peke yake.

Vifaa vya ujenzi navyo vina jiografia yake. Matumbawe na chokaa vilitoka pwani, na mikoko ilitoka hasa katika mdomo wa Rufiji. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilitoa mbao, kuni na makaa kwa mji uliokuwa ukikua, kiasi kwamba kilichobaki leo ni vipande vya msitu wa kale wa pwani. Mashimo marefu ya Pugu, ambayo watu huyaita mapango na ambayo sasa ni makazi ya popo, yalichimbwa kufuata udongo mweupe wa kaolini. Mtu anayeyatembelea kama maajabu ya asili anatembelea, kwa kweli, eneo la viwanda.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulioanza Dar es Salaam mwaka 1905 uliifanya milima hiyo kuwa kazi ya kwanza ngumu ya wahandisi. Reli ilipanda Pugu, ikashuka kupitia Soga hadi Ruvu, ikafika Morogoro mwishoni mwa mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka uleule wa 1905 vita vya Majimaji viliingia Uzaramo. Digalu Kibasila, jumbe wa Kisangire katika Kisarawe ya leo, ambaye eneo lake lilikuwa na shamba la pamba la kulazimishwa, alinyongwa na Wajerumani. Shule ya sekondari jijini Dar es Salaam ina jina lake. Reli ilijengwa na kuacha madaraja, vituo na makalvati. Shamba la Kisangire halikuacha jengo lolote. Orodha ya urithi inayoanzia kwenye majengo pekee itamkumbuka aliyejenga reli na kumsahau aliyelazimishwa kulima pamba iliyosubiriwa na reli hiyo.

Katika kipindi cha Waingereza, Kisarawe ikawa makao ya wilaya ya Uzaramo, na mwaka 1925 misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu ilihamishia Minaki chuo chake cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Zanzibar. Uhamisho huu ni tukio kubwa kuliko linavyochukuliwa. Kiungani kilikuwa miongoni mwa vyuo vikongwe vya mafunzo katika Afrika Mashariki, na kuondoka kwake visiwani kwenda kwenye kilima cha Kisarawe kuliifanya wilaya hii kuwa mahali pa kufundishia walimu wa sehemu kubwa ya nchi. Si mbali na hapo, Pugu, ndiko Julius Nyerere alikofundisha katika chuo cha Mtakatifu Fransisko hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashughulike na TANU. Pugu ya shule sasa imo ndani ya Dar es Salaam, na Minaki imo Kisarawe. Mpaka wa mkoa unapita kati ya historia mbili zilizokuwa jirani.

4.0 Kibaha na usanifu wa madui watatu

Kibaha haina jengo la Kijerumani la kuonyeshwa kwa mgeni, na kwa sababu hiyo huchukuliwa kuwa mji usio na urithi. Dhana hiyo inahitaji kukataliwa.

Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika na nchi nne za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilikubaliana kuanzisha mradi wa pamoja, na mwaka 1963 kazi ikaanza Kibaha, umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam katika barabara ya Morogoro. Mradi ulikuwa na sehemu tatu: shule ya sekondari ya wavulana, kituo cha afya ambacho kilikuja kuwa hospitali ya Tumbi, na kituo cha mafunzo ya wakulima. Kila Mtanzania aliyesoma siasa shuleni anazitambua sehemu hizo. Nyerere alitaja madui watatu wa taifa kuwa ujinga, maradhi na umaskini, na Kibaha ilijengwa kuwa jibu kwa kila mmoja wao, mmoja mmoja, katika eneo moja. Ni nadra kukuta sera ya serikali iliyogeuzwa kuwa ramani ya kiwanja kwa unyoofu kama huo. Mwaka 1970 kituo kilikabidhiwa kwa serikali, na Shirika la Elimu Kibaha likaendelea kukiendesha.

Kwa mwanahistoria wa usanifu, eneo hili ni ushahidi wa kipindi kifupi, baada ya uhuru na kabla ya Azimio la Arusha kuzaa matunda yake, ambapo nchi changa ilijaribu kuchagua umbo la kisasa lisilokuwa la mtawala wa jana. Nchi za Nordiki hazikuwa zimetawala Tanganyika, na hilo lilikuwa na maana katika kuchagua washirika. Kipindi hicho kinaendelea hadi soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu ili kukinga maji ya mvua. Soko hilo lilipoungua Julai 2021, wengi waligundua kwa mara ya kwanza kwamba walikuwa na hisia nalo kama jengo, si kama mahali pa kununua vitunguu tu. Kibaha haijapata msiba wa namna hiyo, wala haipaswi kuusubiri ndipo ipigwe picha na kuchorwa.

Kuna urithi mwingine Kibaha ambao hauko katika umbo la nyumba. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi ulianza kazi mwaka 1959, na mabomba yake yakawa mshipa wa jiji. Ghorofa zilizojengwa katikati ya Dar es Salaam baada ya mwaka huo zisingewezekana bila mtambo ulio umbali wa kilomita nyingi katika wilaya nyingine. Mji wa Kisarawe, ulio karibu na Dar es Salaam kuliko ulivyo mtambo wenyewe, ulisubiri hadi mwaka 2020 ndipo ukapata mradi wa kuyaleta maji hayo ya Ruvu kutoka Kibamba. Uhandisi wa aina hii hautajwi katika vitabu vya urithi wa Dar es Salaam. Ukitajwa, utabidi utajwe pamoja na swali la nani alikunywa kwanza.

5.0 Hali ya sasa na nafasi iliyomo katika sheria

Sheria ya mwaka 1964 haikufunga mlango kabisa. Inampa Waziri mwenye dhamana uwezo wa kutangaza jengo au eneo lolote lenye umuhimu wa kihistoria kuwa la kulindwa, bila kujali mwaka lilipojengwa. Mwaka 1995 baadhi ya majengo ya katikati ya Dar es Salaam yalitangazwa kwa njia hiyo. Nyumba ya Magomeni aliyoishi Nyerere katika miaka ya 1950 inahifadhiwa kama makumbusho, jambo linalothibitisha kwamba nyumba ya kawaida isiyo ya kale inaweza kuhifadhiwa pale serikali inapoona sababu. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 nayo inaziwezesha mamlaka za mipango kuhifadhi majengo yenye thamani maalumu. Mwaka 2014 ilianza juhudi ya Kituo cha Urithi wa Usanifu Majengo cha Dar es Salaam, ambacho makao yake ni Boma la Kale lenyewe, na kazi yake ya kuwatembeza watu na kuwaeleza majengo ya mji imekuwa na manufaa makubwa.

Tofauti kati ya ulinzi wa moja kwa moja na ulinzi wa kutangazwa, hata hivyo, si ya kiufundi tu. Jengo la kabla ya 1863 linalindwa hadi mtu athibitishe vinginevyo. Jengo la baada ya hapo halilindwi hadi mtu alisemee. Jengo lililo katika barabara ya Samora lina wasemaji: wasanifu, waandishi wa habari, watalii, balozi zilizo jirani. Kituo cha reli cha Soga kina abiria wake na wazee wanaokikumbuka, na sauti hizo hazifiki kirahisi kwa Waziri. Tena, kinachotangazwa kinaweza kuondolewa katika orodha kwa tangazo jingine.

Tarehe yenyewe imeganda. Watunzi wa sheria walipochagua 1863 walikuwa, kwa hesabu, wakitumia kipimo cha karne moja. Kama wangeandika miaka 100 badala ya kuandika mwaka, kipimo kingekuwa kikisogea pamoja na wakati: Boma la Kale lingeingia mwishoni mwa miaka ya 1960, misheni za Maneromango na Kisarawe katika miaka ya 1990, reli ya Pugu na Soga kati ya 2005 na 2007, na Minaki ingeingia mwaka 2025. Mtambo wa Mlandizi ungesubiri hadi 2059 na Kibaha hadi miaka ya 2060, na ni haki kuuliza kama vingefika huko vikiwa vimesimama. Kwa hiyo kipimo kinachosogea kingesaidia Kisarawe kuliko Kibaha. Kwa usanifu wa baada ya uhuru, njia ya kutangaza ndiyo pekee iliyopo, na itabidi itumike mapema kuliko desturi.

Shinikizo la wakati huu linajulikana. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wa Dar es Salaam kuwa na zaidi ya watu milioni 5.3 na mkoa wa Pwani zaidi ya milioni 2. Upanuzi wa barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha ulitanguliwa na ubomoaji wa nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara mwaka 2017. Mwaka huohuo ulianza ujenzi wa reli ya kisasa ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 2024 na ina vituo vyake Pugu, Soga na Ruvu. Mwandishi hapingi reli wala barabara. Anayesafiri kila wiki kati ya Kibaha na mjini anajua zinavyohitajika. Jambo linalohojiwa ni kwamba tathmini ya miradi ya namna hii huwatafuta waakiolojia kwa ajili ya kilichomo chini ya ardhi, kama sheria inavyowaelekeza, na haina wa kumtafuta kwa ajili ya kituo cha reli cha enzi ya Wajerumani kinachopoteza kazi yake juu ya ardhi hiyohiyo.

Majengo ya Shirika la Elimu Kibaha yanaleta ugumu wa aina nyingine, kwa sababu yangali yakitumika. Wanafunzi wanalala humo, wagonjwa wanatibiwa Tumbi, paa linalovuja linahitaji kuezekwa upya kabla ya masika. Boma la Kale likitangazwa, linaweza kufungwa na kuwekwa ofisi. Shule haiwezi kufanywa hivyo. Ulinzi unaofaa hapo hauwezi kukataza mabadiliko. Unaweza kudai kwamba kabla ya bweni kupanuliwa au wodi kubomolewa, michoro ya awali itafutwe, vipimo vichukuliwe, na uhusiano wa sehemu zile tatu katika kiwanja usivunjwe. Kazi hiyo inahitaji mpimaji, kamera na kibali cha shirika lenyewe. Haihitaji marekebisho ya sheria, na inaweza kuanza katika muhula wowote ambao chuo kimoja cha usanifu majengo kitaamua kuwapeleka wanafunzi wake Kibaha badala ya kuwarudisha tena bandarini.